Ja Kopam, Ninachimba

Baraka, tarehe 9 Novemba 2002

Kwa Yaya Anastasie, Kasongo

Yaya wangu mpendwa, dada yangu mkubwa,

Kabla ya neno lolote nakupa mikono yangu yote miwili, ingawa kama ungekuwa hapa karibu nisingethubutu kukunyoshea hata mmoja, na sababu utaiona mbele. Natumaini barua hii inakukuta mzima, shemeji Albert mgongo wake umepoa, watoto wanakula na mpunga umeota vizuri. Mimi mwili wangu ni mzima. Homa ilinipitia mwezi wa nane ikaondoka yenyewe. Yaliyobaki nitakueleza, na naomba uyasome ukiwa umekaa, tena usiyasome wakati wa kula.

Anayekuletea karatasi hizi ni Willy, yule mchuuzi wa baiskeli anayepeleka chumvi na sabuni kutoka hapa Baraka, anapanda Fizi, anapita Lulimba na Kabambare mpaka kwenu, kisha anarudi na mafuta ya mawese. Nimemwomba aifiche barua chini ya chumvi. Kwenye vizuizi vya njiani wenye bunduki hawajali kusoma, lakini karatasi wanaipenda sana kwa kusokotea tumbaku. Mpe Willy wali ashibe. Huku tunakula bugali wa muhogo kila siku na vile visamaki vya ziwani, ndagala, na mimi nimefika mahali ninaota wali usingizini kama mtoto.

Katika barua yangu ya mwisho nilikuandikia kwamba nimeacha dhahabu ya Misisi na nimepata kazi ya ujenzi. Sikudanganya, ila sikumaliza sentensi. Ninajenga vyoo, Yaya. Vile vya zamani vilivyojaa, ninavitapisha.

Mji huu umejaa watu mpaka kwenye magugu ya ziwa. Walioteremka kutoka Fizi juu, waliokimbia Lweba, waliokimbia vijiji ambavyo hata majina yake siyajui, wote wamepangwa kwa mistari pembeni mwa mji, turubai kwa turubai. Huyu akikohoa, wa tatu kutoka kwake anageuka kitandani. Wanajeshi wa mjini wanasema wanatulinda dhidi ya watu wa mlimani. Watu wa mlimani wanasema wanakuja kutukomboa kutoka kwa wanajeshi wa mjini. Wote wawili wakipita, kuku wanapungua. Na ugonjwa wa kuhara na kutapika haujatoka hapa tangu nilipofika. Mvua ikianza unaamka, mvua ikikatika unalala kidogo.

Kutapisha choo si kazi ambayo mwenyeji wa hapa ataishika. Mtu wa ukoo fulani, mwenye shamba lake na babu zake wamezikwa pale, ataanzaje kubeba uchafu wa jirani anayemfahamu? Kwa hiyo tumechukuliwa wageni: mimi wa Kasongo, Bienfait wa Kongolo, na wengine wa kutoka mbali ambao hawana wa kumwaibisha. Sokoni wauza samaki hawanipi ndagala mkononi. Wanaziweka juu ya jani, wanalisukuma jani kwa kijiti, kisha wanatazama pembeni mpaka niondoke. Nilikuwa nadhani harufu ni jambo la pua. Sivyo. Harufu inakaa kwenye meno. Unaoga kwa sabuni na majivu, unasugua ngozi mpaka inawaka, halafu unatia tonge mdomoni na ile harufu inakungojea mle ndani.

Msimamizi wetu, aliyeletwa na shirika la misaada, anaitwa Ante. Ni Mzungu wa nchi inayoitwa Kroatia, ambayo nayo ilikuwa na vita vyake miaka michache iliyopita. Ni mwembamba, ndevu zake ni kama nyuzi za gunia, na anaweza kumenya yai la kuchemsha akiwa amekaa ukingoni mwa shimo na kulila lote huku akitutazama tunachota. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilitapika mimi, si yeye. Kifaransa chake ni kibovu kuliko changu, na wewe unajua nimeishia darasa la tano. Mfasiri aliyepewa alipanda boti kwenda Kigoma kumwangalia mgonjwa, na mpaka leo bado anamwangalia. Basi Ante akasema kwa ishara kwamba atakayefanya kazi naye atajifunza maneno yake. Tulidhani ni mzaha.

Siku hiyo tulikuwa tumemimina dale, ile sakafu ndogo ya saruji yenye tundu inayofunika shimo. Ilikuwa bado mbichi. Ante akachukua msumari akaandika juu yake: ja, ti, on, ona, mi, vi, oni. Akajigusa kifua akasema ja. Akanigusa mimi akasema ti. Akaendelea hivyo akizungusha kidole mpaka watu wote wakaisha. Ja ni mimi, ti ni wewe, mi ni sisi, vi ni ninyi, oni ni wao. Kwa kuwa huku mtu akisema mi anamaanisha mimi, watu walicheka, na Bienfait akasema kumbe kila Mzungu wa kwao peke yake ni kundi. Lakini lililotutesa zaidi lilikuwa on na ona. Sisi tuna yeye, tunamaliza. Wao wanataka kwanza ujue ni mwanaume au mwanamke. Bienfait alimwita Ante ona kwa siku nyingi, hadi aliporushiwa buti. Ile dale iliyoandikwa ilikauka vilevile na maneno yake, tukaifunga kwenye choo cha mstari wa pili. Hadi leo ukiingia mle unachuchumaa juu ya mimi, wewe na yeye.

Baada ya hapo akaleta vitendo. Alitufundisha kwa sululu. Anainua, anapiga: ja kopam. Ninachimba. Anamwonyesha mwenzake: ti kopaš, ile s yenye kikofia kichwani inayosomwa kama sh. On kopa. Mi kopamo. Vi kopate. Oni kopaju. Asubuhi nzima tulichimba tukiimba hivyo, na wanawake waliokwenda kuteka maji walisimama wakadhani ni dini mpya imefika. Niliona jambo moja, Yaya, nikalifikiria sana mle shimoni. Kwetu mtu anatangulia mbele ya kazi: ni-nachimba, u-nachimba, a-nachimba. Kwao kazi inatangulia, mtu anafuata mkiani kama anayeburutwa. Nilipofikisha shimo langu kina cha kunifunika kichwa, nilikubali kwamba wao ndio wamesema kweli.

Usifikiri nilijifunza kwa sababu napenda vitabu. Ante alisema atakayesikilizana naye vizuri ndiye atakuwa kapita, mnyapara wa wenzake, na kapita hashuki shimoni. Hilo tu. Ningejifunza hata lugha ya kunguru. Nikiwa natembea nilikuwa nasema radim, radiš, radi, nafanya kazi, unafanya kazi, anafanya kazi. Nikiwa nakunywa maji nilikuwa nasema pijem, piješ, pije. Nikiwa naenda, idem. Na kweli mwezi wa tisa nikawa kapita. Siku ya kwanza kusimama juu na kutazama wenzangu chini, nilimwona Bienfait ananyanyua ndoo na macho yake hayataki kukutana na yangu, nikajichukia. Lakini sikushuka.

Jioni Ante alikuwa akiniita tukae kwenye kisanduku cha misumari anizoeshe kusema. Kwa kuwa nilijua vitendo vya sasa tu, naye alisema nami ya sasa tu. Mke wangu anafanya kazi shuleni. Ndugu yangu anaimba. Ndugu yangu anakunywa, anacheka, anaenda vitani. Nilimuuliza kwa maneno yangu machache ndugu huyo yuko wapi, atakuja lini kumtembelea. Akaelekeza kidole ardhini, palepale tulipochimba. Tangu siku hiyo nilielewa kwamba nusu ya watu wake wamekwisha kufa, ila kwa ajili ya ujinga wangu wa lugha anawaacha waendelee kuimba na kunywa. Sikupenda. Wafu nao wapumzishwe kazi.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe.

Vyoo vilikwisha, safi, kimoja kwa nyumba nne, na milango ya mbao. Milango haikukaa wiki. Wanajeshi waliing'oa wakapikia. Kisha waliturudia na bunduki, wakatupeleka kambini mwao kutapisha shimo lao bila hata kipande cha sabuni, na mmoja alisimama juu yetu akila muwa na kututemea makapi. Tulitundika magunia mahali pa milango, tukasema yameisha. Lakini watu hawakuingia. Ante alifanya ukaguzi akakuta dale ni kavu kama sahani ya maonyesho. Katika choo kimoja buibui alikuwa amefunga nyumba yake juu ya tundu, katika kingine kuku alikuwa analalia mayai. Wakati huohuo ziwani, kwenye matete, mahali palepale wanapoteka maji na kuoshea ndagala, ulikuwa huwezi kuweka mguu.

Ante alinikokota mpaka kwenye matete hayo. Alifunika pua kwa shati, mtu yule anayekula mayai shimoni. Akarudi nami kwenye mistari, akasimama katikati, akasema kwa sauti oni su svinje, wao ni nguruwe, na akaniamuru niwafasirie. Watu walikuwa wametoka kwenye turubai zao wanatungoja. Wazee walikuwepo, na mama mmoja wa Fizi juu, ambaye jina lake sitaliandika, alikuwa amesimama nyuma kabisa na galoni la maji, uso ameugeuzia upande wa mlima. Nilisema kwa Kiswahili kwamba bwana anauliza kama wana shida yoyote na vyoo. Wakajibu hapana, ni vizuri, asante. Nikamwambia Ante kwamba wamesema dobro, vizuri. Ndivyo kapita nilivyofanya kazi yangu, nikidanganya huku na huku.

Maana sababu niliijua. Wewe pia unaijua, kabla hata hujamaliza kusoma. Hakuna mtu kutoka hapa hadi Kasongo asiyeijua, ila yule aliyechora ramani ya vyoo. Nyumba nne choo kimoja. Na katika nyumba hizo nne, kwa kuwa vita viliwafukuza watu pamoja na wamelala walipoangukia, yumo mwanaume, na yumo mama wa mke wake. Mkwe wa kiume hapiti njia moja na mama mkwe. Hamwangalii usoni, hali mbele yake, hataji jina lake. Atawezaje kukaa juu ya tundu ambalo yule mama amelitokea sasa hivi? Na mama naye, atainuaje lile gunia akijua mkwe wake yuko mlangoni anangoja zamu? Zamani tulikuwa tunajenga mbali, mkwe anahamia ng'ambo ya mto, heshima inakaa bila kusukumwa. Vita vimewaweka wote chini ya turubai moja. Basi mama anaamka mapema, anachukua galoni kama anayekwenda kuteka maji, anateremka kwenye matete. Binti yake anamfuata ili asiwe peke yake. Wajukuu wanafuata. Mkwe naye anaona aibu kubaki mwenye choo, anakwenda upande mwingine. Choo kinabaki kwa kuku.

Mvua zilianza mapema mwezi wa kumi, na ugonjwa ukaanza nazo. Florentine, jirani yetu wa mstari wa pili, aliyekuwa akituuzia sombe, yale majani ya muhogo, alianza asubuhi na jioni akawa amekwisha, uso umeingia ndani kama wa kizee naye alikuwa msichana tu. Tulimbeba kwenye kile kituo wanachopulizia watu dawa ya klori, penye vitanda vilivyokatwa tundu katikati na ndoo chini yake. Sitakueleza zaidi. Hakuruhusiwa kuoshwa na watu wake. Alifungwa katika plastiki nyeupe, na shimo lake tulilichimba sisi, watu wa vyoo, kwa sululu zilezile.

Ante alirudi kutoka kaburini moja kwa moja hadi kwenye mstari wa pili. Hakufoka siku hiyo, ndiyo maana niliogopa. Alisimama mbele ya choo chenye yale maandishi, macho mekundu, akaniuliza zašto, kwa nini. Kwa nini hawaendi. Akaniuliza tena, taratibu, kama mtu anayeomba maji. Watu walikuwa wengi, wametoka kumlilia Florentine.

Yaya, kichwani mwangu palikuwa na Kiswahili kizima cha kueleza jambo lile kwa heshima, kwa kuzunguka, jinsi mtu mzima anavyoeleza. Lakini mdomoni nilikuwa na mimi, wewe, yeye, ninakwenda, huendi. Sikujua neno la mkwe. Sikujua neno la aibu. Nikaanza na nilicho nacho. Nilijigusa kifua, nikasema ja. Nikanyosha mkono kwa mwanamke aliyesimama mlangoni mwa turubai yangu, nikasema moja žena, mke wangu. Kisha nikanyosha mkono kwa yule mama wa Fizi juu, ambaye hata siku hiyo alikuwa amejificha nyuma ya watu, nikasema ona, na majka, mama. Nikaenda hatua chache kuelekea chooni, nikasema ja idem, ona ne ide, mimi nakwenda, yeye haendi. Nikarudi. Nikasema ona ide, ja ne idem. Ante alikuwa anatikisa kichwa, haelewi, na mimi nilikuwa na hasira ya kifo cha Florentine, hasira ya lugha, hasira ya kila kitu. Basi nikachuchumaa. Mbele ya watu wote nikachuchumaa kama mtu aliye chooni, nikimwelekezea kidole yule mama, nikipiga kelele ona, ona, ona.

Ante alielewa. Lakini wote wengine walielewa kabla yake, wala hawakuhitaji mfasiri. Galoni lilianguka. Nilisikia maji yanatoka taratibu na hakuna aliyeliinua.

Sasa umesoma, Yaya, na umeelewa jambo ambalo nilipaswa kukuandikia zamani. Nimeoa. Yule mwanamke wa mlangoni anaitwa Émilienne. Nilimwona Fizi juu nilipokuwa nabeba matofali ya shule, kabla hatujakimbizwa. Baba yake alikwisha kufa. Mama yake, yule nisiyetaja jina, alinikubali ingawa mbuzi niliopeleka waliishia kwenye sufuria za wanajeshi kabla hawajafika uani. Aliniuliza kupitia kwa mjomba jambo moja tu, kama nina watu. Nikajibu ninao, niko na yaya, atakuja, atakaa hapa mbele yenu. Nilijua njia imefungwa. Nilijua pia kwamba wewe umemweka Rosette akinisubiri nimwoe na kwamba mama yake anakupigia magoti kila mwaka. Niliona nikikuandikia utakataa, nikinyamaza hutajua. Nikanyamaza. Rosette ni binti mzuri, sina neno baya juu yake. Mwambie asinisubiri tena, na umwambie wewe mwenyewe, asilisikie kisimani.

Ante siku ile alikaa chini. Kisha alisema nami kwa yale maneno ya sasa, ninayoyaweza. Alisema yeye, na mama wa mke wake, na majirani, wako chini ya nyumba, juu wanapiga mabomu, na kuna jedna kanta, ndoo moja. Akaonyesha kwa mikono pazia wanalolishika watu wawili. Alisema mama yule analia kila akitoka nyuma ya pazia, halafu haji kula. Nilimuuliza yule mama yuko wapi sasa. Hakuelekeza kidole popote. Alisimama, akavua shati, akachukua sululu akasema kopamo, tuchimbe, naye akaanza wa kwanza. Tumechimba tangu siku hiyo. Vyoo vidogo, viwili viwili, vimegeuziana migongo, vyenye njia mbalimbali, kimoja cha wazee wa kike na binti zao, kingine cha wakwe. Mimi nimeacha ukapita, nimerudi shimoni karibu na Bienfait, ambaye aliniambia karibu nyumbani kwako. Na watu wanavitumia, Yaya. Asubuhi unaona wamama wanapita na makopo yao ya maji bila kujificha. Matete yameanza kupumua. Kwa kazi hii chafu ndiyo furaha yangu pekee, nami siwezi kuifurahia.

Kwa sababu mmoja haendi. Nilimchimbia cha kwake mwenyewe, cha peke yake, upande wa juu, nikakiezeka bati jipya alilonipa Ante. Hajakanyaga. Nilimtuma Émilienne amuulize. Alirudi na jibu, nalo nakuandikia jinsi lilivyo: "Ambia bwana yako, mi siko na hasira. Mi niko na haya. Hasira ningeimaliza mwenyewe, lakini haya ananiondolea nani? Alisema iko na bandugu. Bako wapi?"

Hana kosa. Nimeitaja haja yake mbele ya umati, kwa mdomo na kwa matako, na mkwe aliyefanya hivyo hawezi kuomba radhi mwenyewe, kwa maana hawezi kusema naye. Ni watu wake wanaokuja, wanakaa chini, wanaleta kuku mweupe na kitambaa, wanasema mtoto wetu amekosa, tunaufunika uso wako. Sina mtu. Kwa hiyo yeye, akiwa na miaka yake na magoti yake, anateremka ziwani kila asubuhi kwenye mvua, peke yake sasa, maana wenzake wote wameacha. Na maji ya kunywa anayateka hukohuko. Émilienne anamchemshia, lakini hawezi kumfuata kila saa. Ana mimba. Hilo nalo lilibaki, nimeliandika.

Najua huwezi kuja. Lakini hapa yuko Mama Marie, mke wa fundi cherehani, binti wa Kasongo, wa ng'ambo ya misheni. Wazee wa Émilienne wamekubali kwamba anaweza kukaa mahali pako, sharti neno litoke kwako kweli, si kwangu. Wameonja uongo wangu mara moja, wametosheka. Kwa hiyo nakuomba. Mwambie Willy kwa mdomo wako, mbele ya shemeji, maneno ambayo ungesema ungekuwa hapa, naye atayarudisha jinsi yalivyo. Ana kichwa kizuri. Na mpe kile kilemba cha marehemu mama, cha rangi ya manjano, akivae Mama Marie siku hiyo. Kuku nitamtafuta mimi. Kama umenikasirikia, nikasirikie, una haki, niandikie matusi yote mwakani. Lakini usichelewe kwa ajili ya hasira. Willy akigeuza baiskeli bila neno lako, mimi nitabaki na aibu yangu, naizoea. Yeye ndiye atakayeendelea kuteremka.

Nisalimie shemeji Albert, mwambie bado nadai ule mshipi wa ngozi alioniahidi. Wabusu watoto kwa niaba ya mjomba wao, ukishaosha barua hii mikononi. Wasalimie wa misheni, na mama wa Rosette kama atakubali salamu zangu. Bienfait anakusalimu ingawa hamjuani. Émilienne anakusalimu kwa kupiga magoti, na anauliza kama unapenda ndagala kavu, Willy akirudi tena atakuletea.

Mvua imeanza tena kupiga kwenye turubai. Kile choo cha bati jipya nakifagia kila asubuhi kabla ya kazi, na kila asubuhi hakuna cha kufagia. Nimetapisha nusu ya uchafu wa Baraka kwa mikono hii, na sijaona choo kinachonitia kichefuchefu kama hicho, kwa jinsi kilivyo kisafi.

Ni mimi mdogo wako asiye na mwingine,

Isidore